RAMANI YA KOMPYUTA ISIISHIE OFISINI



Neno jipya limeingia katika kazi ya ujenzi, nalo limeanza kusikika hata huku kwetu Gitega na Muyinga. Wahandisi wanaliita BIM. Wenzetu waliopata kufanya kazi Tanzania wakilisikia hudhani inasemwa bimu, yaani ule mhimili wa zege unaolazwa juu ya nguzo. Sivyo. BIM ni njia ya kujenga nyumba nzima ndani ya kompyuta kabla ya kuijenga juu ya ardhi. Wanaoisifu wanasema inapunguza hasara, inafupisha muda na inaongeza ufanisi wa kazi.

Sisi tulio katika kazi ya kuwaunganisha wafanyakazi tumeona yafaa jambo hili tulieleze na tulitolee maoni yetu. Hatulisemi ili tuwatishe watu, wala hatulisemi ili tuwapigie debe wauzaji wa kompyuta. Tunalisema kwa sababu kila linapotajwa neno "ufanisi", mfanyakazi hana budi kuuliza maswali mawili: ufanisi huo unatoka wapi, na matunda yake yanakwenda kwa nani?

Huenda mchuma chai au mtu wa kiwanda cha kahawa akauliza, "Mambo ya ujenzi yananihusu nini?" Yanamhusu sana. Msimu wa kahawa ukiisha, vijana wetu wengi hawarudi kukaa nyumbani bure. Wanakwenda kwenye shantie kubeba mawe na kukoroga zege. Tena kiwanda nacho ni jengo: kina mabomba, nyaya, mifereji na msingi, na vikiharibika ni sisi tunaokaa bila kazi. Na la mwisho, kila kipimo kipya cha kazi kinachoanza kwa wenzetu leo, kesho kitabisha hodi kwetu.

NI KITU GANI HASA?

Plani tuliyoizoea ni karatasi. Mchoraji wa nyumba ana karatasi zake, mhandisi wa zege ana zake, fundi wa maji ana zake, na fundi wa umeme ana zake. Kila mmoja anachora kwake. Zinakutana wapi karatasi hizi? Zinakutana kwenye shantie, mikononi mwa kapita, wakati zege limekwisha kauka. Hapo ndipo inapoonekana kwamba bomba la maji machafu lilichorwa lipite palepale ulipolazwa mhimili. Basi tindo na nyundo zinaletwa, na kazi ya jana inabomolewa leo.

Katika njia hii mpya jengo linachorwa mara moja, na wote wanachora ndani yake. Ukuta uliomo katika kompyuta si mistari miwili tu. Ni ukuta wenye urefu, kimo, unene, aina ya tofali, bei yake, na siku unayotakiwa kujengwa. Mlango ukisogezwa katika mchoro mmoja, unasogea katika michoro yote. Bomba likigonga mhimili, kompyuta inaonyesha mgongano huo kabla hata ya kuchimba msingi. Ukitaka kujua nondo, zile tunazoziita ferabeto, zinahitajika ngapi, na mifuko ya saruji mingapi, hesabu inatoka humohumo.

Wazo lenyewe si la juzi. Mwaka 1975 Charles Eastman, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, alikwisha andika juu ya kompyuta itakayotunza habari zote za jengo mahali pamoja. Lakini kompyuta za wakati ule zilikuwa ghali na dhaifu. Uingereza iliamua kwamba kuanzia mwezi wa Aprili 2016 kazi za ujenzi za serikali kuu zifuate njia hii. Mwaka 2018 ukaanza kutolewa utaratibu wa kimataifa wa kutunza habari hizo, uitwao ISO 19650.

Kwa nini tuseme habari hizi hapa kwetu? Kwa sababu kazi kubwa zinakuja. Mwaka 2019 Gitega ilifanywa makao makuu ya siasa ya nchi, na Bujumbura ikabaki mji mkuu wa biashara. Mwaka 2025 mikoa 18 iligeuzwa kuwa mitano, na komini 119 zikawa 42. Muyinga ikaingia katika mkoa wa Buhumuza. Ofisi zinahama, na ofisi zikihama majengo yanajengwa. Mwaka huohuo wa 2025 jiwe la msingi la reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, iliyokusudiwa kufika Gitega, liliwekwa Musongati. Kampuni za nje zinazoshindania kazi za ukubwa huo zimezoea kuchora kwa kompyuta. Basi tusingoje kuzinduliwa usingizini.

PALE INAPOLETA FAIDA

Wapo wenzetu wanaosema jambo hili tulipige vita kwa kuwa ni la mabwana wakubwa. Sisi hatukubaliani nao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jengo ni mali kubwa.

Hebu tuangalie hasara ya kubomoa na kujenga upya inamwangukia nani. Mwenye jengo anapoteza saruji, ni kweli. Lakini mwashi anayelipwa kwa mita anapoteza zaidi. Ukuta aliousimamisha juzi ukibomolewa kwa sababu karatasi mbili hazikupatana, wangapi kati yetu wamelipwa mara mbili? Tumewasikia makapita wengi wakisema, "Jenga tena, hesabu ni ileile." Wasaidizi wao, wale mayede, wanabeba tofali zilezile mara mbili kwa ujira wa mara moja. Kwa hiyo plani iliyokosewa inamwibia mfanyakazi, na chombo kinachopunguza makosa ya plani ni chombo cha kumfaa.

Liko pia suala la uhai. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zile zilizopandishwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo katika jiji hilohilo na kuua watu zaidi ya 20. Mfanyakazi aliyepanda jukwaa asubuhi angejuaje ni ghorofa ngapi zilizoruhusiwa? Kama plani iliyopitishwa, nondo zilizotakiwa na ghorofa zilizokubaliwa vimeandikwa mahali pamoja panapoweza kutazamwa na mkaguzi na wafanyakazi, mwizi wa nondo hupata tabu. Vikikaa katika mkoba wa mtu mmoja, mwizi hana tabu yoyote.

Na kwa ndugu zetu wa viwandani, faida iko baada ya jengo kukamilika. Bomba likipasuka chini ya sakafu ya kiwanda cha kuosha kahawa katikati ya msimu, fundi hupasua sakafu hapa, akapasua na pale, akitafuta. Aliyejua bomba lilipopita alistaafu, au amefariki. Mchoro uliotunzwa vizuri ungemwambia achimbe wapi, na kahawa isingeoza.

LAKINI KOMPYUTA HAILETI SARUJI

Baada ya kusema hayo, tuseme na upande wa pili. Chelewa nyingi za shantie zetu hazitoki katika mchoro. Miaka ya 2024 na 2025 tuliona magari yakipanga foleni ya mafuta siku nyingi. Lori lisipopata mazuti, mchanga haufiki. Fedha za kigeni zikikosekana, nondo haziingii nchini. Umeme ukikatika, hiyo kompyuta yenyewe inazimika. Bwawa la Rusumo la megawati 80, tunalogawana sawa na Rwanda na Tanzania, limetuongezea nguvu, na njia yake ya nyaya inafika hadi Gitega. Lakini umeme wa kufika mjini si umeme wa kufika kila kibanda cha kapita.

Wala tusidhani kwamba nchi tajiri zimekwisha maliza tatizo. Jijini London ilijengwa reli ya chini ya ardhi iliyoitwa Crossrail. Kazi ilianza mwaka 2009, na njia hii ya kuchora ilitumika kwa bidii kubwa. Iliahidiwa kufunguliwa Desemba 2018. Ikafunguliwa Mei 2022. Gharama ikapanda kutoka paundi bilioni 14.8 hadi karibu bilioni 19. Ukaguzi wa hesabu za serikali uliofanywa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wakuu waliing'ang'ania ile tarehe ya Desemba 2018 hata pale ilipokwisha kuwa haiwezekani. Hapo mchoro ulikuwapo. Kilichokosekana ni habari ya kweli ya hali ya kazi, na masikio ya kuisikiliza.

Hilo ndilo neno letu kubwa katika makala hii. Ufanisi wa njia hii hautoki katika mashine. Unatoka katika watu kupashana habari mapema. Mchoro ukibaki ofisini, na mwashi akaambiwa tu "weka hapa, toa pale", basi tumenunua kompyuta ya bei kubwa ili tuendelee kubomoa kama zamani.

Mazoea hayo ya kuficha maarifa ni ya siku nyingi. Mmarekani mmoja, Frederick Taylor, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1911, alifundisha kwamba kazi ya kufikiri iondolewe karakana na iwekwe katika ofisi ya mipango; mfanyakazi atende tu, kwa kipimo cha saa. Mashamba ya mkonge ya Tanganyika, walikokwenda babu zetu wengi kama manamba, yalikuwa na kipimo cha namna hiyo: kazi imepangwa na mwingine, siku inahesabiwa kwenye kipande, na aliyejua hesabu yote ni bwana shamba. Hatutaki BIM iwe kipande kipya.

TUJIFUNZE KWA MAKTABA YA MUYINGA

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano mwema. Mwaka 2012 ilimalizika pale Muyinga maktaba iliyokusudiwa kwa shule ya watoto viziwi. Waliosimamia uchoraji ni BC Architects, wachoraji wa majengo kutoka Ubelgiji. Wangeweza kuchora kwao na kutuletea karatasi. Hawakufanya hivyo. Walitazama kwanza jinsi Warundi wanavyojenga, wakaona kwamba nyumba zetu zina baraza refu ambalo ni mahali pa kupitia, pa kujikinga na mvua na jua, na pa kuzungumza. Baraza hilo ndilo likawa moyo wa jengo.

Tofali ni za udongo wa palepale, zilizoshindiliwa kwa mashine za mkono bila kuchomwa. Boriti ni za mikaratusi. Vigae vya paa ni vya udongo wa kuchoma wa mafundi wa hapa. Ndani kuna wavu mkubwa wa kamba za katani ambao watoto hulala juu yake wakisoma. Nguzo zimesimama karibu karibu, kila baada ya mita 1.30, kwa sababu kuta za udongo ni ndefu na nzito, na vigae navyo ni vizito. Yaani plani ilifuata nguvu ya udongo wetu na uzito wa vigae vyetu. Udongo haukulazimishwa kufuata plani.

Somo ni nini? Ni kwamba habari zilikwenda njia mbili. Mchoraji alileta hesabu ya mzigo. Mahali penyewe na watu wake walileta udongo, vigae na mazoea. Hiyo ndiyo maana halisi ya kukusanya habari za jengo mahali pamoja. Kompyuta inaweza kuzitunza vizuri kuliko karatasi, lakini kama haikuulizwa fundi wa Muyinga juu ya udongo wa Muyinga, itatunza habari nusu. Kompyuta itachora msingi wa kimo kilekile Gitega na Muyinga. Fundi aliyechimba hapo mara ishirini anajua wapi maji yanatoka masika. Penye wengi haliharibiki neno.

SIKU ZILIZOOKOLEWA NI ZA NANI?

Sasa tufike kwenye mfuko. Tuseme kazi ya ukuta iliyokuwa ikichukua siku sita, kwa mpango mzuri inachukua siku nne. Siku mbili zimeokolewa. Mwenye jengo anashangilia. Mkandarasi anashangilia. Lakini yede analipwa kwa siku. Kwake siku mbili zilizookolewa ni siku mbili za njaa. Je, tunaweza kumtaka apende ufanisi unaompunguzia chakula cha watoto?

Tukumbuke tunasimama juu ya ardhi gani. Kiwango cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa franka 160 kwa siku katika miji ya Bujumbura na Gitega, na franka 105 mahali pengine, Muyinga ikiwamo. Kilibaki hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, wakati bei za sokoni zilipanda mara nyingi mno. Ujira wa kweli wa shantie umekuwa ukitokana na mapatano ya mdomo tu kila asubuhi. Mtu mwenye mapatano ya mdomo hana pa kushika siku kazi inapofupishwa.

Tena, katika kompyuta kila boriti ina namba yake na kila mlango una jina lake. Ni vyema. Lakini huyo aliyeibeba boriti mara nyingi hana jina popote. Hayumo katika orodha ya INSS, na akianguka kutoka jukwaani, familia yake haina cheti cha kuonyesha kwamba alikuwapo. Chombo kinachoweza kuhesabu misumari hakiwezi kushindwa kuhesabu watu. Anayesema hakiwezi, basi hataki.

Njia ya kisheria ipo. Mkataba namba 94 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1963, unataka kandarasi za serikali ziwe na vifungu vinavyomlinda mfanyakazi, ujira na saa zake visiwe vibaya kuliko vya kazi kama hiyo katika eneo lile. Sheria ya kazi ya nchi yetu nayo ilifanyiwa marekebisho tarehe 24 Novemba 2020. Kazi yetu ni kuzitoa sheria hizi kabatini na kuziingiza katika kandarasi, palepale inapoingizwa hiyo ramani ya kompyuta.

TUNADAI NINI?

Kwanza, katika kila shantie inayotumia njia hii, mchoro utoke ofisini. Kila asubuhi mafundi waonyeshwe sehemu watakayoijenga siku hiyo, kwenye kioo au kwenye karatasi kubwa ukutani, na maneno yake yawe kwa Kirundi na Kiswahili, si kwa lugha za kigeni peke yake.

Pili, fundi akiona plani haipatani na ardhi, awe na haki ya kusema, na neno lake liandikwe katika mchoro huo. Asiitwe mkaidi.

Tatu, kazi ikibomolewa kwa kosa la plani, aliyeijenga alipwe mara zote mbili.

Nne, siku zinazookolewa zigawanywe. Mapatano ya ujira yawe kwa kazi nzima iliyopangwa, ili atakayemaliza mapema apate malipo yake kamili au ahamishiwe kazi nyingine bila kukatwa.

Tano, usalama uchorwe. Jukwaa, kamba, ngazi na mashimo yaliyo wazi viwemo katika mchoro na katika bei, kama vile zilivyomo nondo na saruji. Na majina ya wafanyakazi yapelekwe INSS tangu siku ya kwanza.

Sita, vijana wa vyuo vya ufundi vya Gitega na Muyinga wafundishwe kusoma na kuchora kwa njia hii. Wasiambiwe ni ghali; zipo programu za bure kama FreeCAD ambazo mtu anaweza kuanzia. Na mwashi mwenye umri wetu, aliyeishia darasa la sita, asiachwe nyuma. Anayeweza kukitazama kiwanja akajua kimeinama wapi, hatashindwa kuusoma mchoro akifundishwa kwa lugha yake.

Ndugu wafanyakazi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu bado ni mdogo. Kompyuta hizi ni chache nchini, na mapatano mengi ya kazi zijazo hayajaandikwa. Yakiandikwa bila sisi, hatutakuwa na la kusema ila manung'uniko ya jioni. Kwa hiyo kila tawi lichague watu wawili, mmoja mwashi na mmoja wa kiwandani, wajifunze jambo hili na waje kuwafundisha wenzao. Siku kandarasi itakapotangazwa Gitega au Muyinga, tuwe tumekwisha kaa, tumekwisha kubaliana, na tuna karatasi ya madai mkononi.

Ramani njema inajengwa na wote, na faida yake iliwe na wote.

Umoja ni nguvu.